Theluji ya Koridoni

Jumatatu, 3 Novemba

Binti yetu amepiga simu. Shule ya mjukuu wangu huko ughaibuni itakuwa na siku ya wazee. Kila mtoto atateleza juu ya theluji pamoja na mzee mmoja wa kwao. Si kushuka mlima. Ni mwendo wa tambarare, mbao ndefu miguuni na fimbo mbili mikononi. Tiketi ya ndege ni moja. Mjukuu atachagua mzee wake mwenyewe, baada ya kuona video zetu Jumapili.

Nilidhani jambo limekwisha. Babu ni mimi. Kumbe shemeji alikuwa nyuma yangu, kikombe changu mkononi. Huyu ni mdogo wa mke wangu, dereva mstaafu, aliyekuja kwetu kwa wiki moja mwaka juzi. Mtoto humwita Babu Mdogo na huanza kumcheka kabla hajafungua mdomo. Amesema naye atapeleka video.

Mjukuu huyo mara ya mwisho nilimwona akitambaa. Nitakwenda mimi.

Hapa hakuna theluji wala haijawahi kuwapo. Si kikwazo. Nimefundisha habari za bahari miaka yote kwa watoto ambao hawajaiona, na walifaulu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma kanuni zote. Mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto. Uzito wote huhamia mguu mmoja, mwili unateleza, kisha uzito huhamia mguu wa pili. Anayegawa uzito kwa miguu yote miwili hatelezi, anatembea tu. Rahisi!

Zoezi la kwanza: kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Nimeangukia ndoo. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni ni nini kimepasuka. Nilimjibu kuwa mimi mzima. Hakuwa ameuliza hilo.

Shemeji yuko uani na mipini miwili ya mafagio, redio ikiwa juu. Hayo si mazoezi, ni dansi. Jirani yetu, fundi cherehani, amempigia makofi. Watu hawana viwango.

Jumatano, 5 Novemba

Seremala amenitengenezea mbao zenye magurudumu. Wenye mchezo wao hutumia za namna hiyo theluji inapokosekana. Magurudumu nimeyatoa kwenye kiti changu cha kuandikia. Seremala aliuliza breki zikae wapi. Nilimwambia kanuni hazitaji breki.

Kisha nikatumia akili. Nilimkaribisha shemeji ajaribu yeye kwanza, pale barabara yetu inapoteremka. Nia yangu ilikuwa njema kiasi. Ameshuka hadi chini, amekata kona, akapunga mkono! Udereva una madhara yake.

Ikafika zamu yangu. Gurudumu la kiti huenda linakotaka lenyewe. Nilisimamishwa na kamba ya nguo ya fundi cherehani, mbao zikavunjika vipande, nami nikarudi nyumbani na gauni la bibi harusi shingoni.

“Shemeji, umependeza,” akasema yule dereva mstaafu. “Harusi lini?”

Nililivua nikampelekea fundi wake.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimegundua kosa. Nta! Kanuni ziko wazi: bila kupaka nta chini ya mbao, hakuna kuteleza. Mbao sina tena. Kwa hiyo, kwa mantiki, nta ipakwe kwenye sakafu. Nimepaka korido yote kuanzia mlango wa mbele hadi jikoni, kopo zima la nta ya mke wangu. Miguuni, soksi za sufu.

Sikupata nafasi ya kujaribu. Shemeji alitoka bafuni akafika jikoni mapema kuliko alivyokusudia. Kifundo cha mguu kimevimba. Nimemsikitikia sana. Nimempelekea hata chai, kwa kikombe changu. Uwanja umebaki na mtu mmoja.

Mke wangu alitazama korido. Akatazama kopo. Kisha akanitazama mimi. Ningependa angenigombeza.

Jumapili, 9 Novemba

Video imekwenda. Shemeji alikubali kushika simu mwisho wa korido, mguu wake juu ya mto. Nilianza vizuri. Mkono wa kulia, mguu wa kushoto. Nusu ya njia niliimaliza wima. Nusu iliyobaki niliimaliza nimekaa.

Mke wangu alikataa kungoja tumalize. Alisema nta ikigandia sakafuni itang'olewa kwa kisu, na kisu hicho atanikabidhi mimi. Kwa hiyo alikuwa nyuma yangu akiisugua, kitambaa chini ya kila mguu, kama afanyavyo siku zote. Nilituma video bila kuitazama. Mtu anayejua alichofanya hana haja ya kujikagua.

Jioni mjukuu akapiga simu.

“Babu, yule nyuma yako ni Bibi? Namtaka Bibi. Anateleza kama mwalimu wetu!”

Shemeji alicheka hadi akasahau mguu wake. Mke wangu akakaa chini.

“Mimi nilikuwa nasafisha uchafu wako, Mzee,” akaniambia.

Mtoto akauliza kama niliumia. Nilisema sikuumia hata kidogo. Nilisema hayo nikiwa nimesimama, maana kukaa hakuwezekani.

Halafu akasema nisiwe na huzuni, atanipigia picha nyingi. Niliondoka pale kidogo kutafuta miwani yangu. Ilikuwa usoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimelala nikaamka na ufafanuzi. Mjukuu amemchagua mwanafunzi wangu. Mke wangu ameishi wiki nzima katika nyumba yenye mafunzo. Ni dhahiri amejifunza kwa kunitazama. Yeye anadai amesugua sakafu hivyo tangu tulipooana. Nimemwambia asibishane na ushahidi.

Hata hivyo, magoti yake anayakunja mno. Nimejiteua kuwa kocha wake hadi siku ya safari.

Binti amesema njia ya kutelezea huko shuleni ina kilima kimoja kidogo. Basi lazima Bibi ajifunze mteremko. Asubuhi nimenunua kopo jipya la nta. Mke wangu amefurahi. Anadhani ninamrudishia lile lake. Sasa amekwenda sokoni.

Ngazi za mlango wa mbele zimeshapakwa, zote. Zinang'aa vizuri. Akirudi, nitatangulia kushuka mimi, ili aone mfano.