Cheti cha Vichanja Arobaini

Ofisi ya Utambuzi wa Bidii, tawi la Rumonge, ina heshima ya kuwajulisha wananchi wote wa mwambao, kutoka Kigwena hadi Kabonga, kwamba zama za kufanya kazi bila kutambuliwa zimekwisha rasmi. Zilikwisha siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi Nuhu, katibu wa ofisi hiyo, ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kilichoamua hivyo.

Kikao kililetwa na barua. Wanawake arobaini wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule Gatete walituomba vichanja, zile meza za miti na wavu ambazo samaki hukaukia juu yake. Walisema wanaanika chini. Mvua ikinyesha ndagala zinaoza, jua likiwaka zinakauka na mchanga wake, na mteja akizitafuna anazirudisha sokoni kwa matusi.

Mkuu wetu, chefu Melkiades, aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Katibu, hawa mama wanateseka."

"Kabisa, chefu."

"Wanateseka sababu hakuna mutu anawaambia asante. Kichanja ni miti tu, na miti inaoza. Lakini cheti?"

"Cheti hakiozi, chefu," nilisema, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Ikaamuliwa kwa kauli moja, chefu akipiga kura na mimi nikiihesabu, kwamba wanawake hao watunukiwe Cheti cha Uvumilivu, Daraja la Kwanza.

Kompyuta ya ofisi tunayo. Imefunikwa kitambaa cha maua tangu siku ilipofika, na kwa sababu hiyo haijaharibika hata mara moja. Kwa hiyo tulikwenda kwa Hadija, fundi cherehani anayeishi nyuma ya soko. Sebuleni mwake, kando ya cherehani, ana kompyuta na mashine ya kuchapia, na vyeti vya kwaya na vya timu za mpira za mji mzima hutoka pale.

"Karibuni," alisema. "Munataka cha namna gani?"

"Kionekane kimetoka juu," chefu alijibu.

Hadija alichora ukingo wa dhahabu kuzunguka ukurasa. Akaweka jina la ofisi juu, kwa herufi nene, na katikati akaacha nafasi nyeupe ya jina la mtunukiwa. Chefu akaitazama ile nafasi nyeupe kwa masikitiko.

"Hapa pako tupu. Weka samaki. Weka na mugazi."

"Chefu, nikijaza mugazi na samaki, jina la mutu litakaa wapi?"

"Liandike kidogo."

Walibishana kwa nusu saa. Hadija alishinda kuhusu mugazi, yaani mchikichi, chefu akashinda kuhusu samaki. Kisha vyeti vikachapwa kwenye karatasi ngumu, na kila kimoja kikafungwa ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, kikatoka kinang'aa. Nilipokishika mkononi nilijisikia nimepandishwa cheo.

Chefu naye alikishika.

"Dada Hadija, tengeneza kimoja cha jina langu."

"Cha uvumilivu?"

"Hapana. Mimi sikuvumilia kitu."

Ikabidi tutafute sababu, maana cheti bila sababu ni ukiukaji wa taratibu. Nikapendekeza vichanja. Chefu alikuwa amevifikiria kwa dakika kadhaa, na kiutawala kufikiria ni awamu ya kwanza ya ujenzi. Hadija akaandika nilivyomsomea: chefu Melkiades anatunukiwa kwa kujenga na kutunza vichanja arobaini vya kuanikia ndagala, Gatete.

Vidole vyake vikasimama. "Viko wapi hivyo vichanja?"

"Vinakuja," alisema chefu. "Wewe andika."

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa juu yake pale Rumonge wa kukitia sahihi, alikitia mwenyewe. Mimi nikatia sahihi ya shahidi. Tukagonga kashe ya ofisi, ule muhuri wa duara, mara mbili ili isionekane hafifu.

Sherehe ya Gatete ilifana. Chefu alihutubia, wanawake wakapokea vyeti mmoja baada ya mwingine, na mkubwa wao, Mama Kabibi, mwanamke mpana mwenye magamba ya samaki hadi kwenye kiwiko, akasimama kushukuru.

"Murakoze sana, chefu. Sasa tutaanika wapi?"

"Ukutani, mama. Hapo sebuleni, wageni waone."

"Ndagala?"

"Cheti."

Mama Kabibi aligeuza cheti chake, akatazama nyuma, akaketi. Niliandika: washiriki waliguswa kiasi cha kukosa maneno.

Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi kutoka Bujumbura, Madamu Zipora, mama mwembamba asiyekunywa fanta ya bure. Aliingia ofisini na kukuta cheti cha chefu ukutani, kikimeremeta juu ya kompyuta yenye kitambaa.

"Vichanja arobaini!" alisema. "Na huko Bujumbura hatuna habari hata moja."

"Chefu ni mtu wa kimya," nilieleza.

"Twende tuvione."

Chefu alisema barabara ni mbaya. Madamu akasema ana gari. Chefu akasema mvua itanyesha. Madamu akasema ana mwavuli.

Mvua ilinyesha kweli, mara tu tuliposhuka Gatete. Wanawake walitoka mbio wakivuta kitu kipana kinachong'aa, wakakitandaza juu ya ndagala zao zilizolala mchangani. Madamu alisogea, akainama na mwavuli wake. Vilikuwa vyeti vyetu vyote arobaini. Vilitobolewa pembeni, vikashonwa pamoja kwa uzi wa nyavu, na maji yalikuwa yakiteleza juu ya maneno Daraja la Kwanza bila kuingia ndani.

"Hii inatusaidia kidogo," Mama Kabibi alisema. "Ila ni ndogo."

"Na vichanja, mama? Vile arobaini?"

"Vichanja gani, Madamu? Sisi iko na vyeti tu."

Madamu Zipora akamgeukia chefu. Hakupaza sauti.

"Bwana Melkiades, ile kashe ni ya ofisi yenu?"

"Ni yetu."

"Na sahihi?"

"Ya kwangu."

"Sawa. Karatasi ya uongo yenye kashe ya serikali, mutu anaenda nayo gerezani. Ile ya kwenu ni ya uongo?"

Chefu alinitazama. Mimi nikatazama ziwa.

"Hapana, Madamu. Ni ya kweli."

"Basi vichanja vilikuwepo."

"Vilikuwepo."

"Na leo havipo."

"Havipo," alisema chefu, kwa sauti ambayo sijawahi kuiandika katika kumbukumbu zozote.

"Basi mali ya umma imepotea, na cheti kinasema mutunzaji ni wewe. Nakupa siku thelathini virudi vyote, na miti mizima na wavu mupya. Shahidi naye atakusaidia kuvitafuta."

Tulivitafuta kwa misumeno. Vingi vilipatikana katika mikaratusi iliyokuwa nyuma ya nyumba ya chefu, ambayo aliipanda mwenyewe alipooa. Tulikata, tukabeba, tukachimba mashimo, tukapigilia misumari na vidole vyetu. Kila kichanja kilipokamilika, Mama Kabibi alikishika pembe na kukitikisa.

"Hiki kinacheza, chefu."

Chefu alikibomoa na kuanza upya. Wiki ya kwanza alibomoa akilalamika. Wiki ya tatu nilimwona akikitikisa mwenyewe kabla ya mama kufika, halafu akikibomoa bila kuambiwa.

Siku ya ishirini na tisa ndagala zilipanda vichanjani, zikalala juu ya wavu kama fedha iliyomwagwa. Zilipokauka, Mama Kabibi alimpa chefu moja. Akaitafuna polepole, akisubiri.

"Haina mchanga," alisema.

"Haina," Mama Kabibi alikubali. "Umejenga vizuri."

Chefu aligeuka upande wa ziwa na kukaa hivyo kwa muda. Hilo sikuliandika popote.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Hadija, mimi nyuma yake, viganja vimejaa malengelenge. Hadija alikuwa anashona sare za kwaya.

"Dada Hadija, washa ordinateri. Nataka cheti."

"Cha nini tena, chefu?"

"Nimejenga vichanja arobaini. Safari hii nimejenga kweli. Uliza Gatete nzima."

Hadija aliondoa mguu kwenye cherehani, akawasha mashine, akaweka ukingo wa dhahabu. Kisha akageuka.

"Chefu, nikuulize. Cha kwanza kiko na kashe, na Madamu alishakisoma. Kinasema umejenga arobaini. Hiki nacho kitasema arobaini. Siku akirudi kuhesabu, si atatafuta themanini?"

Chefu alisimama mbele ya ule ukurasa mweupe, midomo ikitembea kama mtu anayejumlisha. Halafu akamwomba azime.