Sauti ya Nne ya Mwalimu Ambindwile

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri. Nimepewa! Veronika, mjane wa Mwalimu Ambindwile, amenikabidhi madaftari ya wimbo ambao mumewe hakuumaliza. Sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zimefika mwisho, zote kwa penseli, do-re-mi safi. Sauti ya nne, besi, inakatika katikati ya ubeti wa mwisho. Halafu karatasi tupu.

Nitaimaliza mimi. Jina langu litakaa chini ya la Mwalimu. Tuone kama hapa Kawetele watathubutu tena kuniita Mzee wa Tanga. Nilikwenda huko kutafuta kazi ya mkonge tu. Nikakawia miaka arobaini na minne.

Jumatano, 5 Machi
Nota mia moja na kumi na mbili! Zinapanda, zinashuka, mahali pamoja zinapanda na kushuka kwa mpigo. Nimempelekea Alinanuswe, mwalimu wa kwaya. Kijana wa juzi. Alizipekua kama mtu anayekagua majani mabovu ya chai, akauliza mwimbaji atavuta pumzi wapi. Wivu! Akasema Jumamosi nije niziimbe mwenyewe. Nimekubali. Nilikuwa besi wa Mwalimu kabla yeye hajazaliwa.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Mbele ya kwaya nzima pumzi ilikata kwenye nota ya tisa. Anyosisye, mama wa sauti ya pili, akauliza kama babu aletewe kiti. Wakacheka. Nikaanza kukunja karatasi zangu.

Ndipo Veronika akasimama kule nyuma. "Shemeji, kwani umesahau? Ambindwile hakuwahi kutunga sauti ya nne. Ninyi mabesi mliitafuta kwa midomo, yeye akiandika. Ulipopanda basi la Tanga akaweka penseli chini. Akasema, ngoja arudi."

Sikujua. Miaka yote hiyo, sikujua.

Alinanuswe akawaanzisha upya, mimi bila karatasi. Nikafumba macho. Zikatoka nota tatu. Tatu tu, za chini, ndefu, kama zilikuwa zimekaa hapo zikiningoja. Alinanuswe akaziandika mbiombio. Hakuna aliyecheka. Veronika alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jumapili, 9 Machi
Wimbo umeimbwa kanisani, mzima, mpaka mwisho wake. Mlangoni Anyosisye alinisalimia kwa Kinyakyusa chetu, mara ya kwanza tangu nirudi. Nilijibu.

Tangu nimalize kula nawaza jambo moja. Ikiwa nota tatu zimemliza Veronika, mia moja na kumi na mbili zingemfanyaje?

Nimechonga penseli. Pa kuvuta pumzi nitapatafuta baadaye.