Programu ya Maktaba Iliyozingatia Itifaki

Ifahamike kwa wananchi wote, walio ofisini na walio kwenye foleni, kwamba Idara ya Maktaba imeingia rasmi katika zama za kompyuta. Tangazo lilibandikwa mlangoni likiwa na mihuri minne, mmoja ukithibitisha ile mingine mitatu.

Bi Rafu alilisoma, akaguna. Alikuwa mkutubi, na rafu alizozihudumia miaka ishirini na sita ndizo zilizompa jina. Programu iliyotangazwa ilikuwa yake. Yeye na wenzake kumi wa darasa la wanaoanza kujifunza kompyuta waliiandika Jumamosi tisa mfululizo, kwenye chumba cha kusomea, chini ya feni mbovu. Ilijua mambo manne tu: kuingiza kitabu, kukiazimisha, kukirejesha, na kuonyesha vitabu vilivyo mikononi mwa watu. Bonyeza moja, inafanya moja. Haikuwa na makuu.

Sasa Idara, kwa busara zake, ilishtuka kuona kitu kinafanya kazi bila kamati. Ikaundwa Kamati ya Kuratibu Ubonyezaji wa Vitufe. Kikao cha kwanza kilipitisha Fomu ya Kurejesha Kitabu, nakala tatu. Cha pili kilijadili biskuti. Cha tatu kiliazimia kwamba, kwa kuwa rafu ziko tupu na wasomaji wamekimbia, baada ya uzinduzi chumba cha kusomea kitakuwa sebule ya wageni wa Mkurugenzi.

Rafu zilikuwa tupu kweli, na kwa nini ziko tupu Bi Rafu alijua vizuri, maana kadi zote za walioazima alikuwa nazo. Alishaandika barua za kukumbusha hadi vidole vikamuuma. Zote zilirudi na maelezo mafupi: "Mtu wa chini hamkumbushi mkubwa."

Kwenye kikao cha nne aliitwa kuionyesha programu. Mkurugenzi, mtu aliyeamini kwamba hata chafya inafaa kufuata vyeo, akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Majina humu yanapangwaje?"

"Kwa alfabeti, Mheshimiwa."

"Alfabeti! Yaani mfagizi anitangulie mimi, eti kwa sababu ya herufi aliyozaliwa nayo?"

Wajumbe wakasikitika kwa pamoja.

"Orodha zote zifuate itifaki," akasema Mkurugenzi. "Mkubwa juu, na kwa maandishi makubwa."

"Zote, Mheshimiwa? Hata ile ya vitabu ambavyo havijarudi?"

"Mama, zote ni zote! Na jina la mkubwa lisiondolewe na mtu wa chini yake. Aliondoe mwenyewe."

"Naomba iingie kwenye kumbukumbu za kikao."

"Iingie!" Katibu akaandika, akapiga mstari chini yake.

Jumamosi ile fundi cherehani, mwanafunzi hodari kuliko wote, alimaliza marekebisho kwa mistari sita. Huyu mama alijiunga na darasa kwa sababu moja: miaka mitano alikuwa akikitafuta kitabu cha kukata suti, nakala pekee, akachoka kuambiwa kimetoka.

"Dada, si watatufukuza?" akauliza.

"Watamfukuzaje mtu aliyetii? Hebu jaribu tena kitufe cha nne."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Kioo kilikuwa kikubwa kama ukuta, maana Kamati ilitaka hata wa nyuma waone. Mkurugenzi alihutubia saa nzima juu ya rafu tupu na wananchi wasiopenda kusoma. Mgeni rasmi, mama mnene kutoka wizarani, akakaribishwa kubonyeza.

"Kama vitabu havipo," akasema, "tuone vimekwenda wapi." Akabonyeza nne.

Loo! Juu kabisa, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani: MKURUGENZI, VITABU ARUBAINI NA KIMOJA, MIAKA SABA. Chini yake Katibu, kumi na tisa. Kisha wajumbe wote wa Kamati kwa kufuata vyeo, hakuna aliyerukwa. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo za kukodolea macho: mfagizi, kitabu kimoja, tangu juzi.

Mkurugenzi akamgeukia fundi mitambo wa Idara. "Zima!"

"Siwezi, Mheshimiwa," akasema fundi mitambo, amejikausha. "Mimi ni wa chini yako."

Wakachomoa waya. Walipouchomeka ili hotuba ziendelee, jina likarudi palepale.

"Linaondokaje?" akauliza mgeni rasmi.

"Kwa kurejesha vitabu," akajibu Bi Rafu. "Ni agizo la Kamati, lipo kwenye kumbukumbu."

"Basi rejesheni. Mimi nitasubiri chumba cha kusomea. Nasikia mna chumba kizuri, na kitabaki hivyohivyo."

Mchana kutwa magari ya Idara yalileta maboksi. Mkurugenzi mwenyewe alisimama foleni, nyuma ya mfagizi aliyewahi na kitabu chake kimoja.

"Fomu, Mheshimiwa," akasema Bi Rafu. "Nakala tatu kwa kila kitabu."

Jamani, ni fomu mia moja ishirini na tatu! Aliziandika zote kwa mkono.

Kitabu kimoja kati ya vyake kilikosekana, kile cha kukata suti. Fundi cherehani ndiye aliyekiona, kwenye chumba cha vikao, kimekunjwa chini ya mguu mfupi wa meza ya Kamati. Alikichomoa, akakipangusa kwa kanga, akalia kidogo. Mkurugenzi alipokirejesha kwa mkono wake, jina lake likatoweka kwenye kioo, ukumbi ukapiga makofi.

Ila meza ikainama upande. Kikao kilichofuata chai iliteleza hadi mapajani mwa Katibu, na Kamati ikaandika barua ya heshima kuomba kitabu chochote, mradi kiwe kinene.

Bi Rafu akatazama rafu, ambazo sasa zilikuwa na wasomaji pande zote. Kinene kuliko vyote kilikuwa Mwongozo Kamili wa Itifaki, kitabu pekee ambacho hakikuwahi kuazimwa na mtu. Akawaazima kwa wiki mbili, kwa jina la mkubwa wao.

Leo ni wiki ya tatu. Kiko chini ya mguu wa meza, na jina la Mkurugenzi liko juu kwenye kioo, ambacho sasa kimewekwa mlangoni, kwa herufi kubwa.