Mashine Inayomsingizia Namba Kumi na Nne

Kwako Daktari Mkuu wa Utafiti wa Kisukari,
Maabara yetu, mlango wa pili ukishapita choo.

YAH: KUSINGIZIWA KWA NAMBA KUMI NA NNE, PAMOJA NA MENGINE YANAYONIHUSU MIMI

Ndugu Daktari,

Mimi ndiye niliyegundua dawa ya kisukari. Nimeigundua leo Jumatano, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, nikiwa na kalamu mkononi. Wenzangu waliosoma mpaka wakachakaa hawajagundua kitu humu ndani, isipokuwa funguo za stoo walizozipoteza wenyewe. Mimi niliishia kidato cha pili. Kichwa kilikuwa kimeshajaa, nikaona nitoke niwapishe wengine.

Naomba usome ukiwa umeketi.

1. Jina langu. Ripoti yako ya mwaka ina majina kumi na moja mbele, na nyuma umewashukuru waliotupatia friji. Hiyo friji nani huitoa barafu kila Jumamosi? Umewashukuru hata panya, "wanyama waliojitolea," ingawa mimi ndiye ninayewalisha na sijamwona hata mmoja akitia sahihi. Yule mwenye sikio lililokatika akiniona husimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Panya ananitambua, ripoti hainitambui! Nilipomlalamikia Mzee Darubini, fundi wetu asiyeinua jicho kwenye darubini hata akiamkiwa, alinijibu: "Kijana, tukikuandika wewe, kesho na ufagio utadai." Nimemsamehe. Tarehe nimeiandika.

2. Koti. Langu limeandikwa MGENI mgongoni, na huu ni mwaka wa pili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe mlinipa siku ya kwanza, ugeni ndio hauishi.

3. Mashine ya kupimia sukari. Hapa ndipo penye moto, Daktari.

Kila Jumatano watu ishirini wa utafiti hukaa kwenye benchi la korido wakisubiri kutobolewa kidole. Daftari lako linataka kila mmoja awe hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, la sivyo mashine itapima chakula badala ya ugonjwa. Basi mimi hupita na kuuliza, "Umefunga?" Akisema amefunga, naweka tiki. Tiki zangu ni nzuri, zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

Namba kumi na nne ni mama mkubwa wangu, dada yake mama. Sifichi, nilimleta mimi. Ana tiki kumi na saba, miezi minne bila doa. Vidonge anameza kwa saa, na kuja anakuja kwa miguu. Na bado kila Jumatano mashine inamtolea sukari ya kutisha! Leo Mzee Darubini ametamka mbele ya benchi zima, "Huyu mama anakula kwa kujificha." Mama mkubwa akamjibu, "Mwanangu, mimi nikila naonekana, pa kuficha sina," akajipiga tumbo, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini nilipomsindikiza kushuka ngazi alijifunika khanga mpaka usoni. Mimi huyo mama simjui akijificha.

4. Sasa nifuate taratibu, maana hapa wengi wenye digrii watateleza. Tiki zangu hazikosei. Basi mashine ndiyo inayokosea. Kama mashine inakosea, mama mkubwa hana sukari. Alipokuja alikuwa nayo, sasa hana, ina maana amepona. Amepona kwa nini? Vidonge vyenu wanameza wote ishirini, na kumi na tisa bado wanaumwa. Alichowazidi wenzake ni kimoja: mimi. Kwa hiyo dawa ni mimi. Nimeipitia hesabu hii mara tatu, na mara zote imetoka mimi.

5. Maombi yangu basi. Mashine iachishwe kazi bila barua ya shukrani. Koti langu liandikwe MWENYEJI. Jina langu litangulie la kwako kwenye ripoti, au yakae sambamba, sina ugomvi.

Na lililo kubwa kuliko yote: leo umeandika kwa wino mwekundu kwamba vidonge vimemshinda namba kumi na nne, na Ijumaa aanze sindano za insulini za kujichoma mwenyewe nyumbani. Nakuomba zisianze. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba sindano ikimpata asiyeihitaji, sukari hushuka mno, jasho linamtoka, macho yanaingia kiza, anaanguka. Maneno hayo bado yapo ubaoni. Kufuta ni kazi yangu, na nimegoma.

Usiponijibu kabla ya Ijumaa, nitawaeleza panya. Nao wakigoma, utafiti umekwisha.

Nisalimie muuguzi wa korido, mama wa usafi, Mzee Darubini siku akiinua kichwa, na usiache kumsalimia yule mwenye sikio lililokatika.

Ni mimi ninayedai haki, na kalamu ya bluu iliyochukuliwa mezani kwangu,

Msaidizi wa Utafiti (Mgeni)

N.B. Daktari, hapa soma polepole. Leo asubuhi nilimuuliza mama mkubwa kama kawaida, "Umefunga?" Akasema, "Nimefunga baba, tena mara mbili, na ufunguo huu hapa." Akauvuta shingoni kwenye kamba yake, akautikisa. Kifuani alikuwa na makombo ya mkate. Nikamuuliza, kwani umekunywa chai? Akashangaa: "Sasa nitembee mwendo wote ule na tumbo tupu, unataka kuniua?" Tangu waibe redio yake hatoki bila kufunga, na miezi yote hii alidhani naijali nyumba yake. Yale maelezo ya kurasa mbili uliyonipa niwasomee watu siku ya kwanza, yeye sikumsomea. Nilimwambia tu, "Mama mkubwa, kila Jumatano uje umefunga," nikaenda kuonyesha watu koti. Na leo, nikiwa nimeshauona ule ufunguo, tiki bado niliiweka. Tiki kumi na saba, Daktari, zote za mlango.

Usimpe sindano. Anaishi peke yake. Akianguka humo ndani, atakuwa amefunga.