Usizime Injini

Jumatatu, 3 Machi
Taa ya manjano imewaka kwenye dashibodi ya gari-nyumba langu. Chini yake onyo: zimebaki kilomita 700, baada ya hapo ukizima injini haitawaka tena. Si kwamba itaharibika. Itagoma tu, kama mtu aliyenuna! Sababu: tangi la maji ya urea linakaribia kukauka. Hayo si dizeli wala si maji ya rejeta. Yanapulizwa kwenye ekzosi ili moshi utoke ukiwa umeshanawa. Mimi nimekulia jikoni kwenye moshi wa kuni. Hakuna aliyewahi kuunawisha.

Mke wangu ametoa hukumu. Jumamosi gari litampeleka mama mkwe kwa dada yake, kilomita 410, kisha limrudishe. Wazee hao hawajaonana miaka mingi. Likishindwa, Jumatatu linauzwa kwa shemeji, ndugu yake huyo mke wangu, ambaye ameshapima geti lake kwa futi kamba.

Shemeji ana duka la vipuri. Maji hayo anayauza yeye. Amenipigia simu kabla sijamaliza kusoma onyo. Eti, "Shemeji, pitia dukani uchukue dumu moja, ni kazi ya dakika tano." Nimemjibu kwamba gari langu si mgonjwa wake.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua dumu la lita kumi kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu. Mbali na kwa shemeji, na ndiyo maana.

Tatizo dogo. Kitabu cha gari kinasema maji yamiminwe penye kifuniko cha bluu. Gari langu halina kifuniko cha bluu. Mwezi uliopita nilivipaka vyote vitatu rangi nyeupe, vifanane na bodi. Kazi safi, brashi yangu, mikono yangu, sikumwita fundi.

Nimefungua vyote. Kimoja kinanuka dizeli, kimetoka kwenye mashindano. Vimebaki viwili, havinuki kitu. Nimechagua kikubwa. Hesabu rahisi: gari kubwa, kiu kubwa. Tangi limekunywa lita kumi zote bila hata kucheua.

Taa bado inawaka.

Jumatano, 5 Machi
Mhudumu wa kituo cha mafuta anasema kipimo cha tangi wakati mwingine hakioni maji mapya mpaka gari litembee kidogo. Kidogo ni kiasi gani, hakusema. Mimi si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Nimekwenda mpaka mji wa pili na kurudi. Kilomita 320.

Kipimo hakijaona kitu. Zimebaki 380. Uamuzi wangu: kipimo ni kipofu, tangi limejaa. Nimewatangazia wote mezani.

Shemeji alikuwapo. Hualikwi kwake ukala, lakini kwangu yeye anajialika. Akataka kujua nilimimina kifuniko kipi. Nikamwuliza tangu lini anafungua vifuniko vya watu. Mke wangu akasema tule kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe amewasili na vikapu vyake. Nikaona nimpe heshima: nimchemshie chai ndani ya gari, kwa jiko la gari, kwa maji ya bomba la gari. Ajue mkwe wake si mtu wa hivihivi.

Akapiga funda moja. Akalishika mdomoni huku ananitazama. Kisha akalitema dirishani, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Mke wangu akanusa birika. Akasema linanuka kama choo cha stendi.

Papo hapo nikajua kifuniko kikubwa ni cha tangi gani. Nikawaambia mabomba ni mapya. Nikafungulia maji yote yamwagike, nikasuuza tangi mara kadhaa, huku napiga mluzi.

Hali ilivyo: urea hakuna. Kilomita nilizonazo 380, njia ni 410. Pungufu 30. Kituo cha barabara kuu kimeishiwa mpaka wiki ijayo. Yamebaki kwa shemeji tu. Siendi! Bora nilivute gari kwa meno.

Baadaye nikalisoma tena lile onyo, taratibu, kama mtu anayesoma mkataba. Halisemi injini itazimika. Linasema ukiizima haitawaka. Sasa nani kasema nitaizima? Nikijaza dizeli hapa pomoni, 410 kwenda na 410 kurudi, hata ikinguruma usiku kucha, inatosha na kubaki. Nimepiga hesabu mara mbili. Nashangaa wahandisi wamesoma miaka yote ile bila kuliona hili.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeondoka asubuhi. Shemeji anatufuata nyuma na kigari chake. Eti naye amemkumbuka mama mdogo.

Njiani mama mkwe akaomba tusimame achimbe dawa. Nikasimama, injini ikabaki inanguruma. Alivyorudi akashika mlango, akauhisi unatetemeka. "Mkwe, hili gari lina homa?" Nikamweleza kwamba injini za maana hazizimwi ovyo. Mke wangu akatazama nje.

Ilipofika kilomita ya 380, namba ikasoma sifuri. Nikashika usukani kwa nguvu. Gari likaendelea! Shemeji nyuma akawasha taa mara kadhaa. Nikampungia mkono. Wivu.

Tumefika. Wazee wawili wamekumbatiana kwenye ngazi ya gari, wakalia, wakaambiana maneno mengi. Sikuyasikia kwa sababu ya injini. Nimeambiwa yalikuwa ya kugusa sana.

Wameamua kulala humohumo garini, kitanda kimoja, kama walivyokuwa wakilala utotoni. Mimi nipo kiti cha dereva, nalinda ufunguo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kunawa uso bombani. Uso tu! Niliporudi, kimya. Nimesikia ndege wakiimba.

Mama mkwe amekaa kitandani, amejifunika shuka, anatabasamu. "Nimekuzimia, mwanangu. Ulisahau." Dada yake akaongeza kwamba maskini nimechoka, nafanya kazi kama punda.

Nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata kikohozi hakuna.

Shemeji akaja na dumu. Lilikuwa kwenye buti yake safari nzima. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaomba aonyeshwe kifuniko cha bluu. Nikamwonyesha vyote vitatu, vyeupe. Akachukua ufunguo wa nyumba yake, akakwangua kile kidogo, rangi yangu ikapukutika, bluu ikatokea. Akamimina, akafuta matone kwa kitambaa, akanambia, "Haya shemeji, jaribu." Ikawaka.

Mke wangu akanitazama. Nikamfafanulia kwamba injini ilihitaji kupumzika.

Hapo mama mkwe akatoa kichwa dirishani, akaomba nizime tena. Kumbe tangu niliponyamaza na mngurumo wangu ndipo wameanza kusikilizana. Hawana haja ya kurudi popote. Chumba wamekipata, jiko wanalo, na dada yake ana bomba lake la maji, salama. Gari libaki hapo uwanjani mpaka watakapochokana, jambo ambalo hawalitarajii.

Mke wangu akatoa hukumu ya pili. Gari limemfikisha Mama. Halikumrudisha, lakini Mama ndiye aliyekataa. Kwa hiyo haliuzwi. Shemeji akakunja uso. Nikapumua!

Nimerudi kwa kigari cha shemeji, kiti cha nyuma, magoti masikioni, dumu tupu mapajani. Mbele yeye na mke wangu walizungumza habari za hali ya hewa.

Jumatano, 12 Machi
Ukikaa ukafikiri, nimeshinda. Gari ni langu bado. Halitembei, kwa hiyo halili dizeli, halinywi urea. Hakuna gari lenye matumizi madogo kuliko langu.

Shemeji amepita jioni, akauliza kama kuna nililojifunza. Nikamwambia ndiyo: mama mkwe asiachwe peke yake na ufunguo. Akaondoka bila kuaga.

Leo nimeona gari-nyumba jingine kwa mzee mmoja nyuma ya karakana ya mbao. Vitanda sita. Nikamwuliza kuhusu taa za onyo, maana sasa mimi ni mjuzi. Akaapa kwamba tangu alinunue halijawahi kuwasha hata moja. Nikachungulia dashibodi. Safu nzima ya taa ameibandika plasta nyeusi, nadhifu, pembe zote nne zimekaa sawa.

Hatimaye nimempata mtu anayeelewa magari. Tumepeana mikono. Ijumaa naenda kulichukua.