Mawe ya Redio Juu ya Bati

Jumapili, 3 Machi 1996

Aibu! Roketi imepanda vizuri mno, nusu ya Kayole ikashangilia. Ikageuka huko juu, ikarudi kichwa chini. Parachuti haikutoka. Imetoboa bati la jikoni kwa mwenye nyumba wetu, mzee Shiundu, ikatua ndani ya sufuria ya maharagwe.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba chuma changu kikianguka tena bila mwavuli, mimi, mke wangu Muhonja na watoto tufungashe virago. Nikamwambia asiwe na shaka. Injini zimebaki mbili, na kosa nitalipata.

Mpango ni rahisi. Saa niliyoiweka ndani inahesabu sekunde, kisha umeme wa betri unapasha waya mwembamba moto, waya unakata uzi, springi inasukuma parachuti nje. Leo uzi umerudi mzima. Hata joto haukuonja!

Jumatatu, 4 Machi

Nimelehemu upya kila waya. Nikashusha mawe yangu mawili ya betri kutoka juu ya bati, ninakoyaanika kila asubuhi yapate nguvu. Nikajaribu. Uzi ukakatika papo hapo, parachuti ikamrukia Muhonja usoni. Raha iliyoje!

Baada ya ugali nikajaribu tena. Moshi kidogo, basi. Nimegundua kosa: uzi ni mnene.

Muhonja akauliza mawe hayo yana umri gani, maana maandishi yamefutika na moja lina alama za meno yangu. (Kuliuma kidogo husaidia. Kila fundi anajua.) Nikamwambia asikilize salamu zake. Redio yake ina mawe mapya na haruhusu mtu ayaguse.

Jumatano, 6 Machi

Eastleigh, kununua uzi mwembamba dukani kwa Keynan, mrusha roketi mwenzangu. Roketi yake ilishuka polepole mwezi uliopita, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuongea naye. Akapima mawe yangu kwa mita bila kuombwa, akacheka.

"Fundi, hizi mawe zimekufa. Chukua mpya," akasema, pakiti tayari mkononi.

Muuza betri anakushauri ununue betri! Mimi si mtoto. Nikamwambia jua halina duka, na Jumamosi aje ajionee.

Ijumaa, 8 Machi

Uzi mwembamba, hali ni ile ile. Mara ya kwanza unakatika, mara ya pili unanikodolea macho. Nimewaza sana. Jibu: mawe yakikaa kivulini yanapata uvivu. Kesho nitayaacha juu hadi dakika ya mwisho. Sikati tamaa.

Muhonja anaulizia vyumba vya kupanga mtaa wa Mowlem. Nimemsikia kwa masikio yangu akimuuliza jirani. Imeniuma kuliko maneno ya mzee Shiundu.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimemkuta Muhonja juu ya stuli, mkono batini. Akasema anageuza mawe yangu yaive pande zote. Nilikaribia kulia. Huyo ndiye mke wa fundi!

Nikayashusha. Yanang'aa! Maandishi yote yamerudi, hata alama za meno zimejifuta. Jua la leo si la mchezo.

Uwanjani mzee Shiundu alihutubia kwanza kuhusu bati lake. Muda mrefu. Kisha nikabonyeza. Ikapanda, ikageuka. Paa! Parachuti ikafunguka, roketi ikashuka taratibu hadi miguuni pa mzee. Nilipiga mayowe bila haya.

Keynan akanipa mkono, akasema afadhali nilinunua mapya. Wivu huo.

Jioni nilitaka kusikia taarifa ya habari. Redio ya Muhonja ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Muhonja alikuwa akitabasamu tu.

Jumapili, 10 Machi

Mzee Shiundu anataka niirushe tena Jumamosi ijayo, wakwe zake wakija. Nimekubali! Nikaapa mbele ya wapangaji wote: ikianguka bila parachuti, tunahama siku hiyo hiyo. Na kama fidia ya sufuria, nimempa yale mawe ya roketi atumie kwenye tochi yake. Yalishafanya kazi yake.

Muhonja aliposikia alikaa kitandani, akashika kichwa. Furaha, nadhani.

Kisha akaomba pesa za mawe ya redio. Pesa za nini, na jua lipo? Nikayatoa yaliyomo. Yamechakaa vibaya, maandishi hayasomeki, na moja lina alama za meno. Kumbe naye huyauma! Nimeyapandisha batini. Kufikia Jumamosi yatakuwa yameiva, niyatie kwenye roketi.

Muhonja ametoka. Amesema anakwenda Mowlem mara moja. Bila shaka anakwenda kuwaalika dada zake waje kutazama.