Kuhusu Kufa Kwangu kwa Ajili ya Shahada ya Uzamili

Claudette Mukashyaka, fundi cherehani,
Meza ya tatu kutoka mlangoni, sokoni,
Gisenyi, Rubavu.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Masomo ya Uzamili,
Uongozaji wa Filamu na Televisheni,
Kigali.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Gisenyi, ambako mimi ninayekuandikia ninaishi. Kama kuna msaidizi anayekusomea barua zako, naomba alirudie neno hilo kwa sauti: ninaishi. Utaona mbele kwa nini nimelipigia mstari.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane. Nilizaliwa na kusomea Karagwe, Tanzania, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Kifaransa sikijui, na Kiingereza tunasalimiana tu tukikutana. Mwanafunzi wako Iribagiza, wa mwaka wa pili, ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na nimemlea tangu darasa la tatu. Aliponiambia anakwenda kusomea uzamili nilishtuka, kwa maana huku ziwani mtu akizama tunaita watu. Akanieleza kwamba ni kuzama katika elimu, nikamruhusu. Sasa amezama kweli, Mheshimiwa, na amenishika mguu.

Mwezi wa tano alikuja nyumbani kupiga filamu yake ya kuhitimu. Ni ya dakika ishirini, inamhusu fundi anayefariki kabla hajamaliza gauni la bibi harusi. Sina ugomvi na elimu. Ila nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Niliuawa bila kupewa maelezo ya kutosha. Niliambiwa nitakuwa fundi. Sikuambiwa kwamba fundi huyo anakufa ukurasa wa pili na kuendelea kuwa amekufa hadi mwisho. "Shangazi," Iribagiza aliniambia, "kazi yako ni rahisi kuliko ya wote. Usifanye kitu." Jumamosi hiyo nililazwa kwenye kitanda changu mwenyewe, kilichohamishiwa sebuleni, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kila nilipokaribia kuzoea, alipaza sauti, "Kata!" nami nikafufuka nikapewa chai. Nilikufa mara kumi na nne. Wakristo wenzangu wengi hufa mara moja.

2. Kifo changu kilisambazwa kabla hakijakamilika. Mmewafundisha wanafunzi wenu waonyeshane kazi mbichi ili wakosoane. Basi Iribagiza akatuma kipande cha sekunde arobaini kwenye kundi lao la WhatsApp. Mmoja wao ana shemeji huku Rubavu. Kipande hakikuwa na jina wala muziki. Kilinionyesha mimi, kitanda changu, na majirani zangu wakinililia wakiwa wamevaa nguo zao za kila siku. Ungekiona wewe mwenyewe ungetafuta namba yangu unipe pole.

Jumatatu nilipofika sokoni, Kadiri, muuza nyuzi na vifungo ambaye tumekaa naye meza kwa meza miaka kumi na miwili, alisema, "Inna lillahi!" akamwaga kopo zima la vifungo. Tuliviokota pamoja, lakini muda wote alikuwa anaiangalia miguu yangu kuhakikisha ni ya binadamu. Wateja sita walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Mmoja alinipa pole kwa msiba wangu, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, cherehani amerithi nani.

3. Jumapili iliyofuata, kanisani, jina langu lilisomwa miongoni mwa marehemu tunaowaombea. Nilikuwa benchi la pili. Niliitikia na wengine kabla sijaelewa kwamba anayeombewa ni mimi. Sitasema zaidi, ila sala ile niliiitikia kwa nguvu, na sijui sasa imeandikwa kwenye hesabu ya nani.

4. Hapa naomba ukae.

Nina dada, anaitwa Illuminée. Anaishi Nyamyumba, nusu saa kwa pikipiki, lakini kwa miaka tisa tulikuwa hatusemezani. Chanzo ni harusi ya binti wa binamu yetu. Mimi ndiye niliyeshona gauni. Illuminée alisema mbele ya mama wa bwana harusi kwamba gauni lile limeshonwa na mtu aliyekuwa anasinzia, na kwamba kola yake imeelekea Kongo. Sikuwa nasinzia, Mheshimiwa. Umeme ulikuwa umekatika. Tangu siku hiyo, tukionana sokoni, mimi nilipita kwa wauza viazi, yeye akapita kwa wauza samaki.

Turudi kwenye Jumanne, siku tatu baada ya kufa kwangu. Sikwenda sokoni, nilikuwa nashonea nyumbani. Iribagiza alikuwa ameniambia, "Shangazi, naweza kuja wakati wowote kurudia ile ya kilio. Sitakwambia saa ngapi. Nataka ukweli." Kwa hiyo, saa nane mchana niliposikia kilio kinapanda kutoka barabarani, nilijua ni wao. Niliacha cherehani, nikajilaza, nikajifunika kitenge mpaka kidevuni na kufumba macho, kama mtu anayeheshimu kazi ya mtoto wake.

Mtu aliingia, akapiga magoti, akaniangukia kifuani. Nikajisemea, huyu wa leo anajua kulia kuliko wale wa Jumamosi. Kisha akasema:

"Claude. Claude yangu. Kila siku mi nasema nitaenda kesho. Kila siku kesho. Ona sasa!"

Wameniita Claude watu wawili tu duniani. Mmoja ni mama yetu, na tulimzika zamani. Wa pili amechuuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, Goma miaka mingi, mpaka Kiswahili chetu cha Karagwe kikamtoka. Mtu mwaminifu angefumbua macho palepale. Nakiri kwamba sikufumbua. Dada yangu alikuwa anaomba msamaha, na alikuwa bado hajafika kwenye gauni.

Aliomba msamaha kwa kutokuja nilipopasuliwa nyongo. Akaomba msamaha kwa kuwakataza wanawe wasinisalimie. Akalia tena, akapenga kamasi kwenye kitenge changu kipya. Nikavumilia. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo:

"Na ile robe ya harusi, Claude. Ile robe haikukuwa mubaya. Ilikuwa muzuri sana. Ni mi nilikuwa na wivu. Mi niliolewaka na kitenge cha kuazima, hakuna mutu alinishoneaka kitu."

Hilo sikulijua. Miaka yote ile sikulijua. Nilipoolewa mimi nilijishonea mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza yeye alivaa nini. Nikashindwa kuendelea kuwa maiti. Lakini kwa kuwa mimi ni mimi, neno la kwanza lililonitoka, macho yakiwa bado yamefumbwa, lilikuwa hili:

"Na kola je?"

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Alipiga yowe, akavua kiatu akanipiga nacho, akanikumbatia, akanipiga tena. Majirani waliokuja kumsaidia kulia walitukuta tunalia wawili, wakashindwa kujua nani apewe pole.

Lalamiko langu hapa ni kwamba tangu siku hiyo Illuminée hajarudi kwake. Anatandika kitanda changu ovyo. Anatia sambaza kwenye kila chakula, hata maharage. Tunaongea hadi sauti zinatukauka. Miaka tisa ya kimya, niliyokwisha kuizoea, imevurugwa na kazi ya darasani.

5. Iribagiza alipopata habari hakufurahi kama mtoto wa kawaida. Alikaa chini, akashika kichwa. "Shangazi, na hakuna aliyerekodi?" Kesho yake alileta kamera, akamwomba Illuminée aingie upya kwa magoti, alie, aseme maneno yale yale. Mara ya kwanza Illuminée alicheka. Mara ya pili nilicheka mimi. Mara ya tano Illuminée akasimama:

"Mi nishaomba pardon. Pardon haiombwake mara mbili. Zima hiyo kitu."

Mtoto akalia. Alisema tukio zuri kuliko yote katika filamu yake limepotea. Naomba kujua, Mheshimiwa, ni somo lipi, na la mwalimu gani, linalowafundisha hawa watoto kwamba jambo lisilorekodiwa limepotea. Nilimwambia, "Halijapotea, liko jikoni linakaanga sambaza." Hakuliandika.

6. Nimeliweka hili mwisho kwa sababu linauma. Iribagiza aliituma filamu kwa msimamizi wake, Dkt. Aimable, ikarudi na maoni. Nimeyasoma mwenyewe. Yanasema: "Maiti haaminiki. Dakika ya sita anapumua. Tukio la tatu, uso wake una maoni. Badilisha mwigizaji."

Nauliza kwa heshima zote. Soko liliamini. Kanisa liliamini. Dada yangu aliamini hata akatoka Nyamyumba na viatu visivyofanana. Asiyeamini ni mmoja, na huyo ana shahada ya uzamivu. Ikiwa elimu ikizidi humzuia mtu kuamini kifo ambacho Rubavu nzima imekiamini, basi tatizo si maiti.

Kuhusu kupumua, ni kweli, napumua. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa sita chini ya taa. Kuhusu uso wangu kuwa na maoni, nilivikwa gauni la dukani lenye mshono uliopinda begani, na nililala nalo nikiujua mshono ule hata macho yakiwa yamefumbwa. Angetafutwa fundi gani asiye na maoni?

Hivyo basi, naomba chuo kitende yafuatayo. Kwanza, mniandikie barua yenye muhuri kwamba mimi ni mzima, niibandike mezani kwangu sokoni. Pili, Dkt. Aimable aje Gisenyi alale kwenye kitanda kile tangu saa tatu hadi saa tisa, nami nitakaa pembeni na daftari niandike kila anapopumua. Tatu, nisibadilishwe. Nimepoteza wateja sita, nimeombewa kama marehemu, nimepigwa kiatu, halafu aje msichana wa Kigali alale mahali pangu avune heshima ya kufa kwangu? Hapana. Nne, siku ya mahafali, jina langu liandikwe kwenye cheti chini ya jina la Iribagiza, hata kwa herufi ndogo, kwa kuwa yeye ameisomea shahada hii lakini aliyeifia ni mimi.

Mkishindwa hayo, nitaomba nife katika filamu ya chuo kingine.

Nisalimie walimu wote na wanafunzi wote, pamoja na yule mwenye shemeji Rubavu, ambaye salamu zake ziwe fupi. Msalimie mlinzi wa getini, maana Iribagiza anasema humfungulia hata akichelewa. Dkt. Aimable naye msalimie kiasi. Illuminée anawasalimia nyote na anauliza kama huko Kigali mnapata sambaza.

Ni mimi, mzima wa afya na mwenye pumzi,

Claudette Mukashyaka

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha. Nimeifungua kuongeza haya.

Alhamisi nilimwambia Iribagiza alete tena kamera. Nilitaka kumtia aibu Dkt. Aimable: nitalala nisipumue, tuone atasema nini. Illuminée alikubali kuketi kando ya kitanda, bila magoti na bila maneno. Tulikuwa tumetoka kunywa chai pamoja, alijua vizuri kwamba naigiza. Nililegeza uso, nikafuta mawazo yote juu ya mishono, nikashika pumzi. Nikahesabu hadi ishirini, nikaendelea. Illuminée akanishika mkono. Nikafika arobaini. Nikasikia vidole vyake vinaanza kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono wangu. Kisha akaniita, kwa sauti ya chini sana, mara moja tu. Iribagiza anasema hajawahi kupata picha kama ile tangu aanze masomo, na kwamba zilikuwa zimebaki sekunde kumi tu ikamilike.

Sikuweza. Nilifumbua macho nikasema, "Nipo, Illuminée. Nipo." Nikaharibu kila kitu.

Kwa hiyo Dkt. Aimable yuko sahihi. Tafadhali mtafutieni mtoto maiti mwingine, na asiwe mtu mwenye dada.